Yaurti, mashanza (maziwa ya kuchacha) na bidonge ya probiotiki: namna ya kusaidia bakteria ya tumbo kama uko na kilo mingi

Miezi mbili na kitu iliyopita yaya wangu (dada yangu mukubwa) alirudi kutoka soko ya Nyawera na kachupa kadogo mu sakoshi, bidonge 30, dola 35. Muuzaji alimuambia hii ni probiotiki (bidudu hai bya kusaidia tumbo), kila siku kidonge moja, inaendaka kula mafuta ya tumbo usiku wakati wewe umelala. Yaya ana kilo 92, urefu mita 1 na 60, na mutu mwenye analipa masomo ya batoto batatu hapa Bukavu hatupake dola 35 hivi hivi. Akanipigia: "Kadogo, wewe mwenye ulisoma mambo ya lishe, hii ni ya kweli ao baliniiba?" Nikamujibu nusu ni kweli, nusu balikuiba. Akakata simu. Kisha saa moja akapiga tena, akasema basi nieleze hiyo nusu ya kweli.

Nilimuelezea magaribi yote tukiwa tunachambua maharage, na juu naona bantu mingi banauliza ile ile, naandika hapa namna tulifanya. Kama uko na haraka ruka mpaka fasi ya maziwa, lakini usipojua bakteria zinafanya nini mu tumbo utaibiwa tena.

Mu tumbo muko nini

Mwili ya mutu moja inabeba bakteria karibu trilioni 38, na mingi sana kati yazo ziko mu utumbo mukubwa, kule chini, baada ya chakula kupita tumbo na utumbo mudogo. Zote pamoja zina uzito wa gramu 200 hivi, kama kopo moja ya muchele. Hizo bakteria zinakula makapi, maana yake bintu yenye tumbo yako yenyewe haiwezi kuvunja: ngozi ya maharage, nyuzi za sombe na lengalenga, wanga ngumu ya kiazi yenye ililala usiku. Zikisha kula zinatoa asidi fupi fupi, majina yazo ni asetati, propionati na butirati. Butirati ni chakula ya ukuta ya utumbo. Hizo zingine zinasukuma utumbo kutoa homoni zenye zinaambia kichwa "nimeshiba", moja inaitwa GLP-1. Kama uliwahi kusikia zile sindano za kupunguza kilo zenye bazungu banapiga siku hizi, semaglutide na zingine, njo homoni ile ile banaiga, ila kwa nguvu mingi sana kuliko yenye sahani ya maharage inaweza kutoa. Usichanganye.

Sasa mutu mwenye ana kilo mingi, mu tumbo yake kunakuwa tofauti gani? Mu 2006 timu ya Jeffrey Gordon, kule St. Louis ku Marekani, ilichukua bakteria ya panya minene na kuziweka mu panya zenye zilikuwa hazina bakteria hata moja. Zile panya zikanenepa kupita zenye zilipewa bakteria ya panya myembamba, na chakula ilikuwa ile ile. Mu 2013 timu hiyo hiyo ikafanya tena, lakini mara hii na bakteria ya bantu, mapacha, mumoja munene mwingine mwembamba, na panya zikafuata kila moja mwenye alimupa bakteria. Hapo dunia yote ikashangaa na biashara ikaanza.

Lakini panya ni panya. Zamani balisema mutu munene ana kundi ya Firmicutes mingi na Bacteroidetes kidogo, na mupaka leo utakuta mutu anauza testi ya choo juu ya hesabu hiyo. Wakati masomo mingi yaliunganishwa pamoja, hiyo hesabu haikusimama kwa bantu. Chenye kinaonekana mara na mara ni kwamba bantu mingi benye kilo mingi bana aina kidogo za bakteria, bustani ya mumea moja, na ukuta ya utumbo inaachia sumu ya ganda ya bakteria kupita kidogo kidogo mu damu, mwili inawaka moto ya chini chini, insulini, homoni yenye inashusha sukari mu damu, inachoka kufanya kazi yake. Patrice Cani wa Louvain, Ubelgiji, njo alionyesha hiyo ya sumu ku panya mu 2007. Na kilo mingi haileti na bakteria peke yake: muko kurisi familia, usingizi mubaya, soda, kukaa siku muzima ku meza ya biashara, dawa zingine. Kwa hiyo usimuambie mutu munene eti anakula kama nguruwe, ni ujinga na haisaidie.

Probiotiki ni mugeni, haiko mwenye nyumba

Hapa njo yaya alielewa. Shirika ya afya ya dunia OMS na ile ya chakula FAO balisema mu 2001: probiotiki ni kidudu kizima, chenye kikiingia kwa wingi wenye unatosha kinaletea mwenye kukikula faida ya afya. Kizima. Kwa wingi. Na faida yenye ilipimwa. Kama moja inakosa pale, haiko probiotiki, ni chakula tu.

Waza mugeni wa Goma mwenye alishuka ku bandari asubui na mashua ya usiku. Anaingia kwako, anaosha sahani, anachekesha batoto, anafukuza mwizi mwenye alikuwa anachungulia, kisha siku mbili tatu anapanda mashua anarudia. Bakteria ya yaurti zinafanya vile. Zinapita, zikiwa zinapita zinatoa asidi yenye bakteria mbaya hazipende, zinagombania chakula nazo, zinasaidia ukuta kidogo, halafu zinatoka na choo. Mingi haibakie. Mu 2018 bachunguzi wa taasisi ya Weizmann, Israel, baliingiza kamera mpaka mu utumbo ya bantu na kuona kwamba bamoja bakteria zinashika kidogo, bengine tumbo inazifukuza zote. Bidonge ile ile, bantu mbali mbali. Njo maana jirani anaweza kukuambia "mimi ilinisaidia" na hakudanganye, na wewe haikusaidie kitu.

Na kilo? Nitakupa bya kweli. Ku Japani, mu 2010, bantu 87 bakakunywa maziwa ya kuchacha yenye Lactobacillus gasseri, gramu 200 kwa siku, juma 12, mafuta ya ndani ya tumbo ikapunguka karibu 5 kwa mia na kilo ikapunguka kitu kama moja na nusu kwa mia. Kwa yaya, moja na nusu kwa mia ya kilo 92 ni kilo moja na kidogo. Mu 2013 bakarudilia na bantu 210, ikafanya tena, lakini wakati baliacha kukunywa, kisha juma ine faida ilikuwa inaondoka. Mashua imerudia Goma. Ku Québec bakapima aina ya Lactobacillus rhamnosus kwa bantu 125 bakiwa mu rejimu ya kupunguza chakula, banamuke bakapunguka kupita benye balipewa dawa ya bongo, banaume hapana, na mpaka leo hakuna mwenye ameeleza vizuri kwa nini. Na 2019 Louvain tena, bakteria inaitwa Akkermansia, yenye inaishi mu ute ya utumbo, miezi tatu: insulini ikafanya kazi vizuri, kolesteroli ikashuka, lakini kilo ilipunguka kidogo sana, haikutosha kusema ni yenyewe. Chenye kilinishangaza mimi ni kwamba ile yenye balipasha moto mpaka ikafa njo ilifanya vizuri kupita ile nzima.

Kwa hiyo nusu ya kweli ni hii: inagusa damu, choo na mafuta ya ndani, kidogo. Nusu ya wizi: haikule mafuta usiku.

Tulianza na kamba ya kupimia

Yaya alitaka kuanza na kukunywa, mimi nikasema tuanze kupima, bila vile kisha miezi tatu tutabishana tu. Kilo gawanya urefu mara urefu: 92 gawanya 1.6 mara 1.6, inakuja karibu 36, hiyo hesabu njo banaita IMC. Kuanzia 25 ni kilo kupita, kuanzia 30 banaita obezite. Kisha tumbo, na kamba ya mushonaji, pale juu ya kitovu, ukipumua inje bila kujivuta (yaya alijivuta, nilimuona). Kwa mwanamuke hatari inaanza kupanda ku sentimita 80, kwa mwanaume 94. Tulitafuta tena kipimo ya sukari na tansio ku santi ya afya ya karibu, juu kama sukari iko juu hiyo haiko tena mambo ya yaurti, ni ya munganga. Andika tarehe. Usipime kila siku, mara moja kwa juma inatosha, asubui, kabla ya kula.

Kama unataka bidonge kabisa

Soma etiketi. Jina inapashwa kuwa tatu: jina ya ukoo, jina ya aina, kisha herufi na namba ya mbegu yenyewe. Kama iliandikwa tu "Lactobacillus" ni kama kusema "mutu wa Kivu", haukujua bado ni nani. Wingi inaandikwa UFC, njo hesabu ya bidudu byenye biko hai, mingi yenye ilipimwa iko kati ya miliari moja na miliari makumi kwa siku. Angalia tarehe ya kuisha na namna ya kuchunga, juu kachupa kenye kanaomba frigo na kalikaa miezi tatu ku dirisha ya farmasi yenye jua inapiga, mule muko maiti. Ya yaya iliandikwa digrii 2 mpaka 8. Muuzaji aliitoa ku rafu, kando ya sabuni.

Ile yenye utakuta mara mingi mu farmasi za kwetu ni Saccharomyces boulardii, yenye Henri Boulard aligundua kule Indochine karibu 1923. Hiyo haiko bakteria, ni hamira, ni muzuri kwa kuhara, tena kuhara yenye inaletwa na antibiotiki. Ya kilo mingi haiko. Usiinunue juu ya tumbo kubwa.

Maziwa, njo fasi yenye tulikawia

Kwa dola 35 unatengeneza yaurti miezi na miezi. Lakini siyo ile ya rangi ya pinki yenye sukari ya kujaa, ile ni soda yenye ilivaa nguo ya yaurti. Unatafuta ya kawaida, bila sukari, bila arufu, yenye haikupashwa moto kisha kuchacha, hiyo njo mbegu yako.

Litri moja ya maziwa ya Kabare ao ya Walungu, ao maziwa ya unga ukikosa, gramu 130 hivi mu litri ya maji. Ichemshe. Na hapa nasema na nguvu juu najua bamama mingi balikulia na mashanza ya maziwa bichi na banasema hakuna mwenye alikufa: maziwa bichi inabeba bruseloze (homa yenye inatoka ku ngombe) na tibe ya ngombe, na bruseloze mutu anaifanyaka miezi na miezi akitibiwa malaria yenye haiko. Hapa tuko ku mita 1500, maji inatokota ku digrii 95 hivi, basi ikianza kupanda usitoe palepale, punguza makala, iache dakika tano mpaka kumi ukiwa unakoroga.

Kisha iache ipoe. Hii njo inaharibishaka kazi. Bakteria za yaurti zinapenda digrii 42 mpaka 45, juu sana ya pale zinakufa, chini sana zinalala. Hauna termometri, sawa: weka kidole kidogo kyenye ulinawa vizuri, hesabu mpaka kumi. Kama unatoa mbele ya kumi, ngojea bado. Kama hausikie kitu, imepoa sana, rudisha ku moto kidogo. Weka bijiko tatu ya mbegu mu kopo, changanya na maziwa kidogo kwanza, kisha mimina mu sufuria yote, koroga polepole.

Sasa Bukavu usiku ni baridi, haiko Uvira. Mara ya kwanza yaya aliacha sufuria ku meza, asubui akakuta maziwa tu, na akaanza kusema mbegu ni mbaya. Funga sufuria na bulangeti mbili, iweke mu karto yenye magazeti, ao mimina mu termosi yenye uliosha na maji moto. Saa sita mpaka nane bila kutikisa. Ikisha kushika, mu frigo, na umeme ikikatika weka mu beseni ya maji baridi na ukule mbele ya siku mbili. Kila mara unachunga bijiko tatu ya mbegu ya mara ingine, ukifika ya tano nunua mbegu mupya. Ukiona manyoya, rangi ya pinki ao harufu ya kuoza, mwaga. Usikwangue juu na kukula ya chini.

Mashanza nayo unaweza, kwa namna ile ile: chemsha kwanza, poza mpaka ikuwe vuguvugu kabisa, ongeza mashanza ya jana, funika, siku moja ao moja na nusu. Inakuwa chachu kupita yaurti. Bibi yetu angesema nimeiharibu na huku kuchemsha.

Kiasi: yaya alianza na kopo moja kwa siku, gramu 200, pamoja na chakula. Juma ya kwanza tumbo inaweza kunguruma na gazi, anza na nusu kopo. Hata mwenye maziwa inamusumbuaka, mara mingi yaurti inamupita vizuri juu bakteria zilisha kuvunja sukari ya maziwa.

Sasa mutu ataniuliza bugali ya muhogo, si tunaloweka siku tatu ine inachacha? Ndiyo inachacha, na ni lazima, juu kuloweka njo kunatoa ile sumu ya muhogo. Lakini unaisonga mu maji ya kutokota, bakteria zinakufa. Chikwange ni vile vile. Na muyomba wetu mwenye anasema kasiksi (pombe ya ndizi) ni probiotiki juu iko hai, namujibu ndiyo muyomba, hamira iko hai, na pombe pia iko hai.

Mwenye nyumba anakula nini

Kama ungeniuliza kitu moja tu, ningekuambia acha bidonge, kula maharage. Mugeni anapita, lakini bakteria zako mwenyewe ziko mule tangu utoto, na hizo zinapenda makapi. Mu 2010 bachunguzi bakalinganisha batoto wa kijiji moja ya Burkina Faso na batoto wa Florence, Italia. Ba Burkina balikuwa banakula mtama, kunde na majani, na mu tumbo yao mulikuwa bakteria za kuvunja nyuzi mingi kuliko ba Florence. Ile chakula ya kijiji tunaiita ya bamaskini, na tunapanda Kadutu kununua mikate nyeupe na mafuta.

Yaya hakupunguza sahani, alibadilisha mulemule. Bugali ilikuwa nusu ya sahani ikawa kipande ya ngumi moja, lengalenga ao sombe ikapanda, na sombe bila kumwaga nusu litri ya mafuta ya ngazi, bijiko viwili inatosha. Maharage mara ine kwa juma. Kiazi kitamu ao mateke ya jana, yenye ilipoa usiku muzima, juu ikipoa wanga ingine inakuwa ngumu na inafika mpaka chini kwa bakteria. Samaki za sambaza kidogo pembeni. Maracuja na bimbegu yake. Na soda ikatoka, hapo tuligombana siku mbili. Ongeza polepole, ukikula maharage kilo moja siku ya kwanza nyumba yote itajua.

Antibiotiki

Kikohozi kidogo tu tunakimbia farmasi kununua amoksisilini bila ordonansi, bidonge sita juu mafranga haitoshi za kumaliza. Hiyo ni kuweka moto mu shamba yote juu ya panya moja. Kama munganga amekuandikia, kunywa yote mpaka mwisho, na yaurti ukule saa mbili mbali na dawa. Ile timu ya Weizmann ilionyesha kwamba kisha antibiotiki, bantu benye balipewa bidonge ya probiotiki balikawia kurudisha bakteria zao wenyewe kupita benye hawakupewa kitu. Mimi kisha antibiotiki naweka nguvu ku majani na maharage, siyo ku bidonge.

Nani asijaribu mwenyewe

Mutu mwenye kinga yake ilishuka sana, mwenye yuko mu kemo (dawa ya kansa), mwenye analala hospitali na paipu mu mushipa mukubwa, mutoto mwenye alizaliwa mbele ya wakati: kwa bale, hizo bakteria na hamira za bidonge zinaweza kuingia mu damu, basi munganga kwanza. Mwenye anakunywa dawa ya sukari asiikatishe juu alianza yaurti. Na mwenye IMC yake ilipita 35 na ana sukari ao tansio, kama yaya, afuatwe na munganga sambamba na haya yote.

Yaya iko mu juma ya tisa. Kilo 89 na nusu, tumbo sentimita ine imeondoka, choo kila asubui, ile njo anafurahia zaidi na anaelezea kila mutu hata ku harusi. Ni yaurti, ni maharage, ao ni soda yenye aliacha? Mimi nafikiri soda. Yeye anasema ni mashanza, na anaendelea kuchunga kale kachupa ka dola 35 ku frigo, bidonge 19 bado ziko mule.